Siku Tuliyokwenda Bukumbi



Nimeombwa niseme neno juu ya majirani tulioishi nao miaka hii 100. Nitasimulia siku moja tu ya mwaka 2000, nilipomchukua mama yangu, mke wangu na watoto, tukatoka Mwanza kwa gari la kuazima kwenda Bukumbi, wilayani Misungwi.

Mama hakutaka. Dada yangu aliolewa huko na Mkatoliki, na marehemu baba alikataa kuhudhuria ndoa ile. Akafa hajawasalimu wakwe zake. "Kwa mapadre nifuate nini?" mama aliuliza. Nami nilikuwa na deni. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Nililieleza mimbarini kwa ufasaha, kama tulivyofunzwa Makumira, huku nyumbani kwangu halijafika.

Tulianzia misheni. Mapadre Weupe waliianzisha mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda. Niliwasimulia watoto habari za Kabaka Mwanga, ambaye kati ya mwaka 1885 na 1887 aliwaua Wakristo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mwaka 1888 alipinduliwa, akavuka Ziwa, na hatimaye akakimbilia kwa mapadre wale wale, hapo Bukumbi. Wakampokea. Nilidhani mama hasikilizi, maana alikuwa akiyatazama maji.

"Walimpa na chakula?" akauliza.

"Alikaa kwao, mama. Bila shaka alikula."

Hakusema tena. (Kwa mama yangu hilo lilikuwa jambo zito, wanaomkumbuka watanithibitishia.)

Kwa dada tulikuta ugali na sato. Mkwe wake mama, bibi wa umri wake, akaleta maji ya kunawa, akapiga goti. Mama akamshika mkono, akamwinua, wakasalimiana kwa Kisukuma kirefu, kisha wakala sahani moja. Meza ya Bwana hatujaishiriki pamoja hata leo, na jambo hilo bado linaniuma. Lakini siku ile sikulitaja.

Tulipokuwa tukirudi, karibu na Usagara, mama akasema, "Waambie waje Krismasi."

Walikuja 11, pamoja na mbuzi. Viti tuliazima vya Usharika. Kimoja hakikurudi, na Mtunza Hazina wa wakati ule anisamehe.