Matabibu wa Wanyama Vitani, na Mzigo Ulioangukia Binadamu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Halmashauri imetutaka tuseme mbele yenu habari za uganga wa wanyama katika majeshi ya vita, tangu ulipoanza hata ulipofika katika nchi zetu. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza: chama hiki, ambacho kazi yake ni kuwaangalia wagonjwa, wajane na mayatima, na kusaidiana katika maziko, kina haja gani na farasi wa vita? Jawabu yetu ni fupi. Farasi wale walipokufa, walioitwa kuchukua mizigo yao walikuwa ni babu zetu. Kwa hiyo habari ya mnyama wa vita ni habari ya nyumba nyingi za Kenya, nasi twapenda isikiwe tangu mwanzo wake.

Elimu ya kumtibu mnyama wa jeshi ni ya kale. Waarabu walimwita tabibu wa farasi kwa jina la baitari, na katika karne ya 14 mjini Cairo, Abu Bakr ibn Badr, aliyekuwa akiangalia mazizi ya Sultani al-Nasir Muhammad, aliandika kitabu kikubwa juu ya ufugaji wa farasi na matibabu yao. Katika Ulaya skuli ya kwanza ya kazi hiyo ilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, na Claude Bourgelat. Jeshi la Uingereza lilianza kuajiri matabibu wa wanyama mwaka 1796. Hata hivyo kujua ni kitu kimoja na kutenda ni kingine. Katika vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, kutoka 1899 hata 1902, Waingereza walipoteza farasi zaidi ya 300,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, uchovu, maradhi na uangalizi mbovu. Aibu hiyo ndiyo iliyowafanya waunde kikosi maalumu cha matabibu wa wanyama mwaka 1903.

Upande wetu huu wa Afrika, majeshi yalileta maradhi kabla ya kuleta dawa. Mnamo mwaka 1887 ng'ombe walioletwa Massawa kwa ajili ya chakula cha jeshi la Wataliani waliingia na sotoka, na hivyo ndivyo wanavyuoni wengi wanavyoeleza mwanzo wa msiba ule. Kufikia mwaka 1891 sotoka ilikuwa imekwisha pita katika nchi ya Wamasai na nyingine nyingi, ikaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Mfugaji aliyelala tajiri aliamka maskini, na njaa ikafuata nyuma ya sotoka kama kivuli. Jeshi moja lilitaka nyama bandarini, na watu wasiojua hata jina la bandari hiyo wakalipa.

Miaka michache baadaye elimu nayo iliingia kwa mlango huohuo wa jeshi. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipelekwa Zululand kuchungua maradhi ya ng'ombe ambayo Wazulu waliyaita nagana. Kufikia mwaka 1895 alikwisha kuonyesha kwamba husababishwa na vijidudu vidogo vinavyokaa katika damu, na kwamba achukuaye vijidudu hivyo kutoka mnyama hata mnyama ni mbung'o. Wanyama wa mwitu wanavyo, wala hawadhuriki sana. Lakini farasi akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu hivyo hushikwa na homa, damu yake hupungua, tumbo lake huvimba kwa chini, hukonda hata mbavu zikahesabika, kisha huanguka. Twawaomba mwukumbuke mwaka huo wa 1895, maana tutaurudia.

Sasa natuje kwenye kisiwa chetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Kilindini ikawa mlango wa jeshi la Waingereza. Askari wa Kihindi walishuka hapa, na baada ya kushindwa Tanga mwezi wa Novemba 1914, jeshi lililotoka huko lilirudishwa hapahapa. Mwaka 1915 reli ya vita ilijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na mwezi wa Februari 1916 Jenerali Jan Smuts akateremka Mombasa kushika uongozi. Majeshi ya Afrika ya Kusini yalikuja pamoja na wapanda farasi. Farasi na baghala waliteremshwa kutoka melini, wakapakiwa katika mabehewa, wakavushwa Makupa kwenda bara. Walikuwa wametoka katika nchi ya baridi na majani mazuri. Walikuwa wakipelekwa katika nchi ya mbung'o.

Mwezi wa Aprili mwaka huo Jenerali van Deventer alipelekwa na wapanda farasi wake kutoka upande wa Arusha kwenda Kondoa Irangi. Kwa hesabu ya vita safari hiyo ilikuwa ni ushindi, kwa kuwa mji ulitwaliwa. Lakini masika yaliwafungia huko, njia zikawa tope, chakula hakikuwafikia, na farasi wakafa kwa mamia kwa mbung'o, kwa njaa, na kwa maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo hujaza mapafu maji hata mnyama akatoka povu puani kama aliyezama baharini. Jeshi lilipoendelea kwenda kusini mambo yalizidi. Hesabu zilizochapishwa zaonyesha kwamba kutoka katikati ya Septemba hata katikati ya Novemba 1916, yaani miezi miwili tu, walikufa farasi wapatao 10,000, baghala 10,000, ng'ombe wa kuvuta magari 11,000, na punda 2,500. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Katika vita ile punda ndiye aliyefadhili, na mateke akayapata yeye.

Haifai kuwalaumu matabibu wa wanyama waliokuwako. Ndugu zao katika medani ya Ufaransa walipokea hospitalini wanyama zaidi ya 2,000,000 wakati wa vita ile, na katika kila wanyama 10 waliowatibu, 8 walirudi kazini. Kule adui wa farasi alikuwa jeraha, upele, tope na njaa, na hayo yana dawa. Huku dawa ya aseniki iliweza kumwongezea farasi majuma machache ya kwenda, lakini haikuweza kumponya, na kila alipoumwa tena maradhi yalianza upya. Tabibu alibaki kama mtu anayechota maji kwa pakacha.

Kosa lilikuwa juu zaidi, mahali ambapo amri hutolewa. Habari za mbung'o zilikuwa zimeelezwa na daktari wa jeshi lilelile tangu mwaka 1895, miaka 20 na zaidi kabla ya safari ya Kondoa. Elimu ilikuwako, tena imeandikwa. Iliyokosekana ni nia ya kuacha mwendo wa vita ufuate elimu hiyo.

Mabibi na Mabwana, hapa ndipo tulipotaka kufika. Mnyama akifa, mzigo haufi. Sanduku la risasi, gunia la unga na hema ya ofisa vilibaki palepale njiani, vikingoja bega jingine. Mapema mwaka 1917 Serikali ya Waingereza katika nchi hii iliwakusanya vijana kwa nguvu, kijiji kwa kijiji. Hao ndio watu wa Kariakoo, jina ambalo lingaliko Nairobi na Dar es Salaam. Wapagazi waliopita katika mikono ya jeshi la Waingereza katika vita vile, kutoka nchi zote za Afrika ya Mashariki na jirani zake, walikaribia 1,000,000. Waliokufa, kwa hesabu ya chini, hawapungui 95,000. Walio wengi hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga usioiva vizuri.

Natusimame hapo kidogo. Jeshi lilijua ya kuwa baghala hawezi kuishi katika mbung'o, likamweka mtu mahali pake, kwa sababu mtu huvumilia mbung'o zaidi. Lakini mtu naye ana tumbo, ana kifua, ana baridi ya usiku. Wahenga wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliokaa mbele ya ramani waliuona mzigo wa mpagazi mwepesi, kwa kuwa wao hawakuubeba.

Baada ya vita mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Mjane hakupewa cheti, na yatima hakuambiwa kaburi la baba yake liko wapi. Hapa mjini Mombasa iko sanamu ya ukumbusho iliyozinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ambaye ndiye aliyechonga na zile za Nairobi na Dar es Salaam. Ukumbusho huo wawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima, nasi twayapokea. Lakini hakuna jina hata moja la mpagazi juu yake. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Maungamo hayo yalikuja zaidi ya miaka 100 baada ya vita.

Hata hivyo si haki kuwaacheni na huzuni peke yake, maana elimu ileile iliyoshindwa vitani ilikuja kushinda katika amani. Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani na Canada waliogopa kwamba adui angeweza kuitumia sotoka kama silaha. Kwa hiyo mwaka 1942 walianza kutengeneza chanjo kwa siri katika kisiwa cha Grosse Île. Vita ilipokwisha siri hiyo ilifunuliwa kwa faida ya wote, na mwaka 1948 mataifa yalikutana Nairobi kushauriana juu ya sotoka. Kisha huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitumia kirusi cha sotoka kilichohifadhiwa Kabete, wakapata kufikia mwaka 1960 chanjo iliyo salama, tena rahisi kutengeneza. Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho duniani hapa Kenya, katika Mbuga ya Meru, mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha kabisa duniani. Msiba ulioletwa na jeshi ulikomeshwa na watu wa maabara, wachanjaji waliokwenda kwa miguu, na wafugaji waliokubali kuleta ng'ombe wao.

Tena liko tendo la mtu mmoja. Mwaka 1930 Bibi Dorothy Brooke alifika Cairo akawakuta farasi wazee wa jeshi la Uingereza, ambao baada ya vita waliuzwa badala ya kurudishwa kwao, wakivuta mawe wakiwa vipofu na vilema. Alichangisha fedha, akanunua farasi wapatao 5,000, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama wa maskini. Na katika pwani yetu wenyewe, tangu mwaka 1987 Lamu imekuwa na zahanati ya punda, ambako punda wa maskini hutibiwa bila ya malipo.

Na sisi je? Wazee watakumbuka kusikia kwamba zamani abiria wa Mombasa walipanda vigari vidogo juu ya reli nyembamba kati ya Mji wa Kale na Kilindini, vikisukumwa na watu. Hata leo, mtu akipita Ndia Kuu au kushuka Bandari ya Kale, atamwona hamali akisukuma mkokoteni, na mahali pengine punda akivuta. Hamali na punda ni wenza wa kazi moja. Tumeona katika historia kwamba mmoja akidhoofika, uzito wote humwangukia mwenziwe. Sheria ya nchi yakataza kumtwika mnyama mzigo upitao nguvu zake. Basi twaomba Mkutano huu ufikirie mambo matatu.

Kwanza, wanachama wenye punda wamwite daktari wa mifugo mapema, kabla kidonda cha mgongo hakijala nyama, kwa kuwa punda mgonjwa ni nyumba yenye njaa. Pili, mahamali walio wanachama wetu waangaliwe vifua na migongo yao kwa wakati uliowekwa, wala wasingoje waanguke barabarani. Tatu, kila jamaa yenye habari ya babu aliyekwenda Kariakoo, jina lake, kijiji chake na mwaka aliotwaliwa, ilete habari hiyo kwa Katibu iandikwe daftarini. Wako vijana wasiojua kwamba walikuwa na babu huyo, na wazee wanaojua wanapungua kila mwaka.

Jambo la mwisho ndilo lisilongoja. Kidonda cha punda kitaonekana na kesho, lakini jina likisahauliwa halina tabibu.

 Mwenyezi Mungu awarehemu waliobeba, na atupe sisi macho ya kuuona mzigo wa mwenzetu kwa uzito wake.