Ile Gari ya Uvira: Tuliyoona Kabla ya Kutoa Pesa

Maneno niliyosema mbele ya wanachama, Lusenda

Komite ilinituma Uvira pamoja na fundi, tuangalie gari ambayo tumependekezewa kununua, kisha nirudi nieleze. Nimerudi. Nitasema niliyoona, ninyi mtaamua, maana pesa hii ni ya kila mtu aliyekaa hapa, hata yule mama anayeuza ndagala na bado analeta mchango wake kila mwisho wa mwezi.

Gari yenyewe ni BMW, ile ndogo inayoitwa Series 1. Wajerumani walianza kuiuza mwaka 2004, ili mtu apate jina la BMW bila kulipa bei ya zile kubwa. Hii ya Uvira ilitoka Japani, ikapitia Dar es Salaam. Mwenyewe anataka dola 4,500. Nisiwadanganye, ni nzuri. Viti vya ngozi, na mlango ukiufunga unasikia "pu", si kelele ya bati. Niliiendesha kidogo kwenye lami ya mjini nikajiona mkubwa. Mimi nimeshawahi kununua pikipiki kwa kupenda rangi, kwa hiyo nilimwomba fundi asiniache peke yangu na mwenye kuuza.

Tulipatana tufike saa moja asubuhi, injini ikiwa baridi. Tulipofika, fundi akaweka mkono juu ya kapo. Ya moto! Kumbe ilishawashwa mapema. Gari yenye ugonjwa huwa inajitangaza asubuhi: moshi, mlio wa cheni, kutetemeka. Mwenyewe alisema alikuwa anaichemsha tu kidogo kwa heshima yetu. Sawa. Tukakaa, tukanywa chai, tukangoja karibu masaa matatu mpaka ipoe. Ilipowaka tena ikatoa moshi wa rangi ya buluu kwa nyuma. Maana yake inakula oili. Na hii haina ile fimbo ya kupimia oili tuliyozoea. Kipimo unakisoma kwenye kompyuta ya gari.

Halafu kuna jambo la taa, na hili mlishike hata mkienda kununua gari zenu wenyewe. Ukifungua umeme kabla ya kuwasha injini, taa ya injini lazima ionekane, kisha izime injini ikishawaka. Ya hii haikuonekana kabisa. Ama imekufa, ama mtu ameiua ili isiseme. Fundi wetu alisema kwake zote mbili ni sawa.

Batri yake iko nyuma, chini ya sakafu ya buti. Tulipoinua zulia pale, tukakuta tope laini lililokauka, na vichwa vya skurubu vimeshika kutu. Mnajua vile ziwa lilivyopanda mwaka 2024 likaingia katika nyumba za watu Uvira. Sisemi gari hii ililala ndani ya ziwa. Nasema maji yaliingia mahali ambapo kuna nyaya, na gari ya namna hii ni nyaya tupu.

Niseme na mazuri. Namba ya chasi, ile ya herufi na tarakimu 17, tuliisoma kwenye gari na kwenye karatasi za duwane, zikafanana. Hapo mwenyewe alisema kweli.

Sasa njia yetu. Chini ya gari hii mpaka ardhini ni kama sentimita 14, yaani urefu wa kalamu mpya. Pigeni picha ya mashimo ya kati ya hapa na Baraka wakati wa mvua. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kwenye utelezi mkia wake unatafuta mtaro. Tena haina tairi ya akiba. Ilitengenezwa hivyo: matairi yake yana kuta ngumu, likitoboka unaweza kuendelea polepole kama kilomita 80. Baada ya hapo unahitaji lingine la namna ileile, na mimi sijaliona kwa muuza matairi yeyote hapa. Yaliyoko juu yake yameandikwa 2815, ndiyo kusema wiki ya 28 ya mwaka 2015. Yamezeeka. Usukani uko kulia, kama gari nyingi za kutoka Japani, na sisi tunapita kulia. Dereva akitaka kupita lori lazima amuulize abiria kama njia ni wazi.

Tulianza kutafuta gari kwa sababu gani? Mnakumbuka yule dada yetu aliyepelekwa Nundu usiku juu ya pikipiki, uchungu umemshika, mvua inanyesha. Wale waliosema BMW itapata pia pesa ya harusi hawakukosea. Bwana harusi atalipa vizuri. Lakini nilikaa kiti cha nyuma, magoti yakagusa kiti cha mbele. Mama mwenye uchungu atalala wapi?

Kuna RAV4 ya zamani Baraka, dola 5,200. Rangi imechakaa na redio haifanyi kazi. Ni ghali kuliko ile nyingine, na usukani wake ni kulia vilevile. Ila fundi wa hapa anaifungua akiwa amefumba macho, na vipuri vyake tunavipata Baraka. Hiyo nayo bado hatujaipima, nisiisifu bure. Naomba komite inipe siku mbili niende, safari hii bila kumwambia mwenyewe saa ya kufika.

Mwenye BMW anangoja jibu letu Jumapili. Mweka hazina yuko hapa na daftari lake. Anayetaka tuinunue ainue mkono. Wangu utabaki chini.