Rejeta Ndogo ya Hita katika Lori Kuukuu

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kilichojificha chini ya dashibodi ya lori. Wenyeji wengi wa Dar es Salaam hukidharau, na sisi nasi tulikidharau, mpaka kikatutia adabu. Kitu hicho ni rejeta ndogo ya hita.

Kwanza yafaa tueleze kazi yake. Injini ifanyapo kazi hutoa joto jingi, na maji huzunguka ndani yake ili kulichukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta kubwa iliyo mbele, ambako hupozwa na upepo. Sehemu ya maji hayo ya moto hupitishwa kwa mipira miwili mpaka ndani ya kebini, katika rejeta ndogo ambayo haizidi kitabu kikubwa. Feni huvumisha upepo kati ya mapezi yake, na upepo huo hutoka ukiwa na joto, ukampasha dereva miguu na kuukausha ukungu wa kioo cha mbele.

Chuo chetu cha ualimu kina lori kuukuu, umri wake wapita miaka 20, na dereva wake ni mzee aliyelizoea kama mvuvi alivyoizoea ngalawa yake. Alfajiri moja tulikwenda naye Feri kununua samaki wa wanachuo. Tulipokuwa tukingoja mnada, mzee akasema, "Mwalimu, nasikia harufu tamu ndani ya kebini." Tukacheka, tukamwambia kwamba mtu asikiaye harufu tamu katika soko la samaki hana budi kumshukuru Mungu. Mzee hakucheka. Alituonyesha zulia lililolowa upande wa abiria, na utando wa utelezi uliotanda juu ya kioo kwa ndani. Kisha akatuambia kwamba kila baada ya siku mbili huongeza maji ya rejeta, ingawa chini ya lori hapaonekani tone.

Wasikilizaji, zishikeni dalili hizo. Harufu tamu ni ya dawa ya rejeta, iitwayo kulanti. Ikisikika ndani ya kebini, na zulia likawa limelowa, na maji yakapungua pasipo kuonekana nje, basi yaelekea rejeta ya hita imetoboka.

Tulimwita fundi mmoja wa karibu. Kwa muda wa robo saa alikwisha ichomoa ile mipira miwili na kuiunganisha kwa kipande cha bomba, maji yasifike tena ndani. "Mwalimu," akasema, "Dar hii, nani awashaye hita?" Maneno yake yalitupendeza, na ujira wake ulitupendeza zaidi. Mzee alisema neno moja tu: "Lori hili haliishi Dar peke yake." Hatukumsikiliza.

Mwezi wa Juni tulisafiri naye kwenda Njombe, safari ya karibu kilomita 700, tukichukua vitabu na vifaa vya wanachuo waliokwenda kufundisha kwa mazoezi. Njombe iko juu sana, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake hufikia hata kutandaza sakitu juu ya majani. Tulipoipita Makambako kulikuwa kunapambazuka, na ukungu umefunga. Tulikuwa watu watatu kebini, na pumzi zetu zilikipaka kioo weupe. Mzee aliendesha kwa mkono mmoja na kufuta kioo kwa mkono wa pili. Kwenye kona moja akapiga kelele, akakanyaga breki, na lori likatoka barabarani likasimama mtaroni. Mbele yetu, hatua chache tu, walikuwako watoto wa shule wapatao kumi, madaftari mkononi, wametutumbulia macho.

Hakuumia mtu. Mzee alishuka, akavua koti lake akakifuta kioo, wala hakutukumbusha lolote. Kimya chake kilitulemea kuliko lawama. Sisi walimu, ambao kazi yetu ni watoto, tulikuwa tumekaribia kuwaua watoto kwa sababu ya kubania fedha kidogo.

Tuliporudi Dar es Salaam tulikwenda Kariakoo na Gerezani kuitafuta rejeta mpya. Huenda wengine hawajui asili ya jina la Kariakoo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, mahali pale palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Leo, pale walipopangwa wapagazi, ndipo vinapouzwa vipuri vya malori yaliyoirithi kazi yao.

Katika kutafuta tulijifunza mambo manne. La kwanza, usiende mikono mitupu. Ifungue rejeta mbovu uichukue kama mfano, kwa maana magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yaweza kuwa na hita mbili tofauti. La pili, pima urefu, upana na unene, kisha upime midomo ya bomba. Mingi huwa na milimita 16 au 19, na tofauti hiyo ndogo hufanya mpira uvuje. La tatu, tazama midomo imeelekea upande gani. Vipuri vya mtumba kutoka Japani hutufaa mara nyingi kwa sababu huko nako usukani u upande wa kulia, lakini kilichotolewa katika gari la usukani wa kushoto chaweza kukataa kuingia. La nne, usinunue kabla ya kujaribu. Ziba mdomo mmoja, tia upepo kwa kiasi katika wa pili, uizamishe rejeta katika ndoo ya maji. Ikitoa mapovu, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Kama rejeta yako ni ya shaba na imetoboka mahali pamoja tu, fundi hodari aweza kuilehemu. Ya alumini yenye pande za plastiki ni afadhali kuibadilisha.

Sasa kazi ya kuifunga. Ngoja injini ipoe kabisa, maana maji yake huunguza vibaya. Ondoa waya wa hasi wa betri. Yamwage maji ndani ya chombo, wala si mtaroni. Kulanti ni sumu, na utamu wake huwavuta wanyama na watoto. Mipira iliyokauka usiivute kwa nguvu, bali ipasue kwa kisu, maana kuinyonga huvunja midomo. Fungua sanduku la hita chini ya dashibodi, na skrubu za kila sehemu uzitie katika karatasi yake. Rejeta mpya izungushie sponji kama ya kwanza, ili upepo upite katikati yake usipite kando. Tia mipira mipya na klipu mpya.

Mwisho, jaza kulanti iliyochanganywa na maji safi. Maji ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo vingi mjini kwetu, hula chuma kwa ndani. Fungua koki ya hita, washa injini ingali baridi na kifuniko kikiwa wazi, uongeze maji kadiri mapovu yatokavyo. Yakikoma, funga kifuniko. Injini ikipata moto, gusa mipira yote miwili kwa uangalifu. Ikiwa na joto sawasawa, maji yanazunguka. Ikiwa mmoja ni baridi, upepo umebaki ndani au njia imeziba. Kesho yake asubuhi pima maji tena.

Tulipokwisha, mzee aliwasha hita pale pale Feri, mchana wa jua kali, akaweka kiganja mbele ya upepo. Jasho likamtoka, akatabasamu. Ndipo tukamwomba radhi, mbele ya wanachuo. Akajibu, "Yamekwisha, Mwalimu. Sasa twende hata Makete."

Ndugu wasikilizaji, chombo kisichotufaa hapa tulipo chaweza kuwa ndicho kitakachotuokoa huko tuendako, na akijuaye zaidi ni yule akitumiaye kila siku. Mwulizeni dereva wenu, na akisha kusema, msikilizeni.