Duka Bila Karatasi, Kazi Bila Barua





Nimeombwa nizungumze kuhusu kazi ya wakili katika mambo ya nyumba, maduka na ajira. Mimi bado ni mwanafunzi wa sheria, si wakili. Ninayoyasema hapa ni elimu tu. Mwenye kesi yake amwone wakili, na aulize kama ana cheti cha mwaka huu, maana cheti cha kufanya kazi ya uwakili hapa Kenya hutolewa upya kila mwaka. Wale wanaozunguka nje ya korti na bahasha kwapani si wote ni mawakili.

Hapa Nkubu kuna neno moja nalisikia sana: "Sina karatasi, basi sina haki." Ndugu zangu, neno hili limewatoa watu madukani na kazini bila hata mtu kunyanyua sauti. Na si kweli.

Tuchukue mfano. Kuna ndugu ana duka la nguo kando ya barabara ya Meru kwenda Embu. Aliingia kwa maneno ya mdomo, akashikana mkono na mwenye ploti, na kila mwezi anatuma kodi kwa M-Pesa. Sasa ni Ramadhan, amechukua mali kwa deni ili auze kabla ya Idi. Mwenye ploti anakuja na kumwambia, "Mwisho wa mwezi utoke, nafasi naitaka." Huyu ndugu akija msikitini tutampa pole, na wengine watamwambia asubiri. Ukweli ni kwamba sheria iko upande wake kuliko anavyodhani.

Kuna sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa. Inasema kwamba upangaji usioandikwa unalindwa, na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5 pia unalindwa. Kwa hiyo kukosa karatasi hakumtoi katika ulinzi, ndiko kunakomwingiza! Na duka hapa si la nguo peke yake. Kinyozi na fundi cherehani, maadamu anatoa huduma kwa pesa, wamo. Wasiokuwamo ni wale wa vibanda ambavyo mwenyewe ni serikali au kaunti.

Mwenye ploti akitaka kumtoa mpangaji kama huyu, au kumpandishia kodi, lazima atoe notisi kwa fomu maalumu ya sheria hiyo, aeleze sababu, na ampe si chini ya miezi 2. Maneno ya mlangoni si notisi, wala ujumbe wa simu si notisi. Mambo haya yalifika hadi Mahakama ya Rufaa, katika rufaa nambari 203 ya mwaka 1994 iliyohusu duka la Diani Boutique huko pwani, na majaji wakashikilia kwamba upangaji wa aina hii hauvunjwi ila kwa njia ile ile iliyowekwa na sheria. Na sababu zenyewe zimetajwa: kama kodi haijalipwa, au mwenye jengo anataka kulibomoa na kulijenga upya, au anataka kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1, na nyingine chache.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wetu wanapopotelea. Ukishapewa notisi iliyo sawa, una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi kwamba hukubali, na ni lazima upeleke jambo hilo kwenye tribunali ya kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Ukikaa kimya ukisema "Allah ataleta faraja", notisi inashika. Faraja ilikuwa ni kwenda kuandika.

Nyumba za kulala zina sheria nyingine, Sura ya 296, ila inahusu zile za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba nyingi siku hizi zimepita hapo. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi 1. Habari ya kununua mashamba naiacha, hiyo inataka siku yake. Neno moja tu: huko mambo ni kinyume. Mkataba wa kuuza ardhi sheria inautaka uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na umeshuhudiwa. Usimpe mtu pesa za shamba kwa sababu mnasali safu moja.

Wengine huuliza, kwa nini tusipeleke kesi hizi kwa Kadhi? Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote ni Waislamu. Kodi na mshahara hazimo. Sulhu mbele ya imamu yafaa, na Katiba yenyewe inahimiza usuluhishi, ila iandikwe, na siku za sheria zinaendelea kuhesabiwa mkiwa mnazungumza.

Sasa kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi 3 au zaidi iandikwe, na wa kuandika ni mwajiri. Asipoleta maandishi kesi ikifika, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi 1 hawezi tena kuhesabiwa mtu wa siku kwa siku. Na hata aliyekosa haswa, kabla ya kufutwa lazima aelezwe kosa kwa lugha anayoifahamu na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini. Akidhulumiwa aende ofisi ya leba mapema, ndani ya miezi 3. Kortini mwisho ni miaka 3.

Vijana naona mnatikisa kichwa. Mnafikiria mabosi wenu. Basi tuje nyumbani kwetu.

Sheria hii imewaacha nje wanajeshi, polisi na wenzao, na jamaa wanaotegemea biashara ya familia yao. Msichana wa kazi hakutajwa hapo. Yumo ndani kama karani wa benki. Ana haki ya siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Huyu ndiye anayeamka kupika daku, anapika futari, anaosha vyombo sisi tukiwa tarawehe, na nyumba nyingi mwezi huu hapumziki hata Jumapili moja. Mshahara wake tunamwambia, "Ngoja Idi ipite." Kina mama, na sisi watoto tunaoacha sahani mezani, tusimtupie lawama mwenye ploti peke yake.

Mzee wa Madyan katika Suratul Qasas alipomwajiri Nabii Musa, alayhis salaam, alimtajia muda, miaka 8, na malipo yake, tena akasema hataki kumtaabisha. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Kalamu si dalili ya kutoaminiana.

Nimekuja na daftari. Baada ya swala ya Alasiri nitakaa barazani na mwenzangu mmoja. Anayetaka kuandika barua ya kazi ya msichana wake wa nyumbani, ukurasa mmoja unatosha: jina, kazi, mshahara, siku ya mapumziko, tarehe, sahihi mbili. Na mwenye notisi mfukoni aje nayo leo, asingoje Idi.