Skuli ya Nchi Kavu na Skuli ya Bahari



Maneno ya leo yahusu watoto walio baina ya miaka kumi na moja na kumi na minne, yaani wale waliokwisha kuhitimu chuoni na kuingia skuli ya kati. Nayo yahusu jambo ambalo wazazi wengi wa Kismayu na wa visiwa vya Wabajuni hulitaja kwa neno moja tu: mchezo. Mtoto akionekana na kafi mkononi huulizwa kama amekwisha kusoma, utadhani kafi na kalamu ni wake wenza wasioweza kukaa nyumba moja. Swali la kuzingatiwa ni hili: je, kuogelea, kuendesha tanga, kulala kisiwani chini ya nyota na kutafuta njia kwa upepo ni upuuzi umwibiao mtoto wakati wake, au ni sehemu ya masomo yenyewe?

Yafaa kutazama kwanza jinsi watu wa mbali walivyolijibu. Katika mwaka 1941, vita vikuu vya pili vikiwaka, merikebu za biashara za Uingereza zilikuwa zikizamishwa kwa wingi na manowari za Kijerumani zipitazo chini ya maji. Lawrence Holt, mmoja wa wenye merikebu za Blue Funnel za mji wa Liverpool, aliamini kwamba katika mashua za kuokolea watu, mabaharia vijana wenye nguvu za mwili hukata tamaa na kufa upesi, na hali wazee waliokulia katika matanga huvumilia wakafika nchi kavu. Vijana wale walikuwa na elimu ya mashine; walichokikosa ni uzoefu wa bahari na moyo wa kutegemeana. Holt akashirikiana na Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyetiwa gerezani na serikali ya Hitler mwaka 1933 kisha akakimbilia Uingereza, na huko Aberdovey, pwani ya Wales, wakafungua skuli waliyoiita Outward Bound, maneno yanenwayo kwa merikebu iliyotoka bandarini kwenda safari. Kijana alikaa hapo kadiri ya mwezi mmoja, akafundishwa mashua, kupanda milima, kuokoa watu, na kutumikia wenziwe.

Shauri lile halikukaa Ulaya tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 skuli ya namna hiyo ilifunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya, chini ya mlima Kilimanjaro, na vijana wa Afrika ya Mashariki wa kabila mbalimbali wakawa wakipelekwa kupanda mlima pamoja, wakibebeana mizigo na kugawana maji. Jambo hili lastahili sifa. Walakini mzee wa Chovai au wa Koyama akisimuliwa habari hizi hutabasamu kidogo, kwa kuwa Wazungu walihitaji vita na mauti mengi ili wagundue kwamba kijana hafundishwi bahari kwa ubao na chaki. Pwani hii ilikuwa ikilijua hilo zamani. Lakini tabasamu lake lisizidi mno, kwani watu wale walipoligundua waliliandikia kanuni, wakaliwekea walimu na mshahara. Pwani hii iliachia kila baba amfundishe mwanawe, na baba alipoondoka, elimu nayo ikaondoka.

Mafunzo hayo ya kale yalikuwa na madaraja yake, ingawa hayakuandikwa. Visiwa hivi, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo, vimejipanga sambamba na bara kutoka kusini ya Kismayu kuelekea Ras Kiamboni, na nje yake mna miamba ambayo mawimbi huvunjika juu yake mchana na usiku. Baina ya miamba na bara mna maji ya utulivu kidogo, na hapo ndipo palipokuwa darasa la kwanza. Mtoto mdogo alianza kwa kukumba maji ya ngama, kazi isiyo na heshima, ila humfundisha kwamba chombo hujaza taratibu na huzama ghafla. Akikua alipewa pondo, kisha kafi, kisha akaketi karibu na mshika shikio akitazama jinsi tanga linavyojaa na linavyopwaya. Siku alipoachiwa demani mkononi alijiona mtu mzima. Mwisho alifundishwa milango: ni mwamba upi uachwe kulia, ni mti gani wa bara uliolingana na kilima gani, na rangi ya maji yasema nini juu ya kina chake. Mtaalamu wa Kiitalia Vinigi Grottanelli, alipotoa kitabu chake juu ya Wabajuni mwaka 1955, hakuona jina lifaalo kuliko kuwaita wavuvi wa Bahari ya Hindi.

Miongoni mwa mambo yaliyowastaajabisha wageni ni uvuvi wa kasa kwa samaki aitwaye chazo. Samaki huyu ana kigaga juu ya kichwa chake ambacho hujibandika nacho kwa papa, kwa kasa au kwa chombo. Mvuvi humfunga kamba mkiani, akamweka hai majini kando ya mashua, akingoja. Akionekana kasa, chazo huachiwa. Huenda akajibandika mgongoni mwa kasa, na mvuvi huivuta kamba kwa taratibu, kwani akiivuta kwa pupa hupoteza wote wawili. (Ama hukumu ya kula nyama ya kasa, wanavyuoni wana maneno yao, na hapa si mahali pake; na siku hizi kasa wamepungua sana duniani, wastahili kuachwa.) Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba kijana aliyefundishwa kazi ile alifundishwa subira, wepesi wa jicho na kipimo cha nguvu za mkono wake, na hapana mtihani wa karatasi uwezao kumpima mtoto mambo hayo matatu.

Tena mna hesabu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo. Kwa hiyo mtoto ajuaye leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, kwa ajili ya funga na sikukuu, amekwisha kupata nusu ya elimu ya maji pasipo kujua. Mwalimu wa hesabu angewapeleka wanafunzi wake pwani wakaandika saa ya maji makuu kwa muda wa mwezi mmoja, kisha wakaikokotoa ya mwezi ujao, angeona kwamba watoto waliolala darasani wameamka.

Mambo haya hayakufa kwa siku moja. Mwaka 1925 Jubaland ilitolewa na Waingereza ikawa ya Waitalia, na mpaka ukapita baina ya jamaa wa Kiunga na jamaa wa Ras Kiamboni. Lakini mashua hazikujua kusoma, nazo ziliendelea kupita. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 skuli za serikali ziliongezeka, na mwaka 1972 lugha ya Kisomali ikapewa maandishi yake. Ikafuata ile kampeni ya 1974 na 1975, ambapo wanafunzi kwa maelfu walitolewa madarasani wakapelekwa kwa wafugaji kuwafundisha kusoma. Lolote lisemwalo juu ya serikali ile, kampeni hiyo ilikuwa ni somo kubwa la nje ya chumba: kijana wa mjini alilala na ngamia, akanywa maziwa yao, akajua jinsi nchi yake ilivyo kame. Ukame ulipozidi, baadhi ya wafugaji walihamishwa mpaka pwani, kama Barawa, Adale na Eil, wakafundishwa uvuvi wakiwa watu wazima. Wako waliostahimili, wengi mvua iliponyesha walirudi kwenye malisho.

Kisha likaja pigo la mwaka 1991. Watu wa visiwani waliingia mashuani na watoto wao wakaelekea Kenya, na wengi wakakaa miaka katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Wengine walifika Uingereza na kwingineko. Mtoto aliyekulia kambini, au katika ghorofa ya London, alijua jina la Chovai kama ajuavyo jina la babu aliyekufa kabla yake. Waliorudi, na waliobaki, waliona mji wa Kismayu ukishikwa na Al-Shabaab mwaka 2008 mpaka walipoondoshwa mwaka 2012. Katika hali kama hiyo baba gani angemwachia mwanawe atoke usiku na mashua? Wazazi hawana lawama. Lakini matokeo ni kwamba pwani hii ina vijana waishio hatua mia kutoka majini ambao hawawezi kuogelea, na wanaoingia baharini kwa ajili ya riziki bila ya kufundishwa, wakitegemea injini. Na injini ikizima hawajui la kufanya na tanga.

Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la mchezo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji ulimwenguni, wengi wao wakiwa watoto na vijana, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zilizopatikana zaidi. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba na watu wengi kupita kiasi, ilizama nje ya Nungwi, na mamia ya watu wakafa, wanawake na watoto miongoni mwao. Ni watu wa visiwa, Waislamu, waliozaliwa wakisikia mawimbi. Ni kweli kwamba kuogelea peke yake hakumwokoi kila mtu katika bahari ya usiku, lakini ajuaye kuelea na kushika kitu ana saa kadhaa zaidi za kungojea rehema ya Mola wake.

Huko huko Nungwi kumekuwa na mradi uitwao Panje uliofundisha kuogelea watoto, wasichana kwa wavulana. Wasichana walivaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima na kichwa, wakafundishwa na wanawake wenzao, wakishika madumu matupu ya plastiki ili yawaeleze. Habari hii yafaa kusimuliwa kwa kirefu kwa kila asemaye kwamba haya na maji hazipatani. Sitara ni wajibu, wala hapana aliyeombwa kuivua. Imam an-Nasai amepokea hadithi ihesabuyo kujifunza kuogelea miongoni mwa michezo isiyokuwa ya upuuzi, na imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwausia watu wawafundishe watoto wao kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Msichana naye hupanda mashua kwenda harusini na kwenda kwa tabibu, na chombo kikipinduka bahari haimbagui. Aliyezuia asifundishwe, akidai kumhifadhi, na alifikirie hilo.

Ama namna ya kufanya, haihitaji fedha nyingi kama watu wadhaniavyo. Skuli moja ya kati, na darasa moja tu kwa kuanzia. Wavulana siku zao na wasichana siku zao na walimu wao. Wiki za mwanzo ziwe za kuelea na kuogelea ndani ya maji ya kiunoni. Asiyeweza kuelea asipande chombo. Kila apandaye avae jaketi la kuokolea, hata nahodha, kwani mtoto hufuata atendalo mkubwa. Zitoke mashua mbili, kamwe si moja. Yafundishwe mambo ya kuokoa: kwamba chombo kikipinduka watu wakishikilie wala wasiogelee kuelekea nchi kavu iliyo mbali, kwamba anayezama hutupiwa kamba au dumu kabla ya mtu kumrukia, na namna ya kumpulizia pumzi aliyetolewa majini. Baada ya hayo ndipo ije safari ya kulala kisiwani usiku mmoja, kwa idhini ya wazazi na kwa salama ya nchi. Pasipo salama, safari iahirishwe, na masomo yabaki ufukweni.

Mwalimu ni nani? Mwalimu ni nahodha mzee. Huenda hajui kuandika jina lake, na hili huwatia wasiwasi wakubwa wa skuli, ambao humtazama kama mchukuzi. Yampasa kuitwa mwalimu mbele ya watoto, na kulipwa kama mwalimu, kila mwezi, si kwa takrima ya siku ya sherehe. Akae naye kijana mmoja ajuaye kuandika, ayakusanye majina ya milango, ya miamba na ya pepo kwa Kibajuni chenyewe, maana majina hayo yamo vichwani mwa watu wachache, na watu hao ni wazee.

Limebaki suala la wakati. Kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia mwezi wa Mei hivi mpaka Agosti, bahari ya upande huu huwa chafu, na vyombo vidogo hupandishwa pwani. Huo ni wakati wa kushona matanga, kusuka kamba na kufundishwa mafundo. Maji ya kufundishia ni ya kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi. Ila katika miaka hii Ramadhani yaangukia ndani ya kaskazi, na mwanafunzi aliyefunga, akijifunza kuogelea, hawezi kuepuka kumeza maji. Kwa hiyo kuogelea kutangulizwe katika wiki za kwanza za kaskazi, kabla ya mwezi kuandama, na Ramadhani iwe ya kusoma nyota, kuhesabu maji na kusikiliza wazee baada ya tarawehe. Safari ya kisiwani ingojee Idi ipite, ikiwa upepo haujageuka.