Kamba Ilikuwa Wapi?

Asubuhi ya leo twataka kusema nanyi habari za kupanda mti mkubwa na kuukata, na habari za kushuka pia, maana wapandao ni wengi.

Hapa Namoruputh mti mkubwa ni mali. Mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, hutupa kivuli, na maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Kandokando ya mito miti ina wenyewe. Fungu la jamaa huitwa ekwar, na mgeni hakati tawi bila kumwuliza mzee. Basi mgunga mmoja ulipokauka kando ya kanisa letu, matawi yake yameinamia mabati, tulikwenda kwanza kwa mzee mwenyewe. Hilo tulifanya vema. Lililofuata hatukulifanya vema.

Kijana mmoja alijitolea kupanda. Alipanda na panga mkononi, bila kamba. Sisi tuliosimama chini tukasema, "Tumeomba, Bwana atamlinda." Akakata tawi nene kutoka upande wa juu tu. Likapasuka kabla ya kukatika, likamrudia kwa nguvu, naye akaanguka. Paja likavunjika. Tukiwa ndani ya lori kwenda Lodwar, mama yake hakulia. Alituuliza neno moja tu: "Kamba ilikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ibilisi alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini kwa kuwa malaika wangemchukua, naye Bwana akakataa. Habari hiyo twaisoma kila Kwaresima. Siku ile tulimwambia mtoto wa watu ajitupe, nasi tukaiita imani.

Tena katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19, yuko mtu aliyekwenda mwituni na jirani yake kukata miti, shoka likachomoka katika mpini likamwua jirani. Mungu alimwekea mtu huyo mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakukusudia. Nasi hatukukusudia, lakini, ndugu, mpini tuliuona umelegea.

Mti ulibaki umesimama nusu. Tukamtafuta fundi aliyezoea kazi hiyo, tukakaa chini kama wanafunzi. Alituonya tusiuamini mti mkavu: kila tawi ligongwe na kusikilizwa kabla ya kukanyagwa. Apandaye afungwe kamba yake mwenyewe kwenye shina imara, wala isiwe ile ya kushushia matawi. Mikono iwe mitupu wakati wa kupanda; msumeno huvutwa juu baadaye kwa uzi. Tawi likatwe kwanza kidogo upande wa chini, kisha upande wa juu, mbele kidogo ya mkato ule, ndipo gome halichaniki. Tawi lililo juu ya mabati hufungwa kwanza, na kamba yake huzungushwa shina la mti mwingine ulio hai, ili mtu mmoja aweze kulishusha polepole. Kazi huanza alfajiri kabla ya upepo. Na amri itoke kinywani mwa mtu mmoja tu. Hilo la mwisho lilitushinda kuliko yote, maana katika baraza la kanisa kila mtu ni msemaji!

Kazi ilichukua siku 3. Yule kijana hutembea kwa fimbo sasa, mguu haukunyoka sawasawa. Tulimwomba msamaha mbele ya ushirika, naye akaomba apewe kazi ya kutoa amri. Alikaa juu ya jiwe, na mara mbili alimshusha mpandaji kwa sababu ya fundo asilolipenda. Hakuna aliyenung'unika.

Siku ya kwanza, kabla mtu hajapanda, mama yake alikuja. Hakutusalimu. Aliishika kamba, akaivuta kwa mikono miwili, akaivuta tena, kisha akaenda kuketi kivulini mbali na mti.