Njia ya Kutokea: Moto Ndani ya Gari la Kwaya

(Mazungumzo ya Katibu wa Kwaya kwa wanakwaya na washirika, kabla ya ziara ya jubilei)





Mwenyekiti alitarajia nisome historia ya kwaya. Historia hiyo imeshachapishwa kwenye kurasa za mbele pamoja na picha, hata ile ya sare za kijani ambayo wengine wenu mngependa isahaulike. Mimi naomba tuzungumze juu ya basi.

Mwezi wa Agosti tunatoka Migori kwenda Homa Bay, kupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany, kisha tufike Mbita na Kendu Bay. Kwa siku tisa basi litakuwa nyumba yetu. Humo tutakaa, tutabadilisha sare, na vijana wengine watalala humo usiku kulinda vyombo. Hebu tuangalie ndani ya nyumba hiyo tumezoea kuweka nini: jenereta, jerikeni ya petroli, mtungi wa gesi wa kupikia chai, spika, nyaya za stima, magodoro ya sponji na magunia ya sare. Hakuna mama hapa anayeweza kuweka jerikeni ya petroli kando ya godoro la mtoto wake nyumbani. Kwenye basi tunaona sawa kwa sababu tunasafiri.

Kuna ajali moja ambayo kila kwaya inayosafiri ingefaa kuijua. Usiku wa tarehe 14 Mei 1988, karibu na mji wa Carrollton, jimbo la Kentucky, Marekani, basi la kanisa lilikuwa likirudisha vijana nyumbani kutoka bustani ya michezo. Ndani walikuwa watu 67. Lilikuwa basi kuukuu lililowahi kuwa la shule, kama mengi tunayokodi sisi. Pikapu iliyoendeshwa na mlevi, upande usio wake, ikaligonga kwa mbele. Mlango wa mbele ukajikunja, ukakataa kufunguka. Tangi la petroli, lililokuwa nyuma kidogo tu ya mlango huo, likatoboka na moto ukashika.

Waliofariki ni 27, na 24 kati yao walikuwa watoto na vijana. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba ule mgongano wenyewe haukumuua mtu hata mmoja ndani ya basi. Waliuawa na moto na moshi. Njia iliyobaki ilikuwa mlango wa dharura wa nyuma, na watu zaidi ya sitini wakaukimbilia kwa ule ujia mwembamba katikati ya viti. Karibu na mlango, kwenye ujia, palikuwa na sanduku la vinywaji baridi. Sanduku la soda tu, jamani. Lilipunguza nafasi, watu wakasongamana na kulaliana. Kwa muda wa dakika nne hivi basi lote lilikuwa moto. Baada ya msiba huo jimbo la Kentucky lilibadilisha kanuni za mabasi ya shule: njia za dharura ziongezwe, tangi lizungushiwe vyuma, viti viwe vya kitambaa kisichoshika moto haraka.

Sisi walimu hatuhitaji kwenda mpaka Kentucky kusikia habari ya mlango. Mwezi Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu ilitoa mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Mwalimu mkuu akiziba mlango wa bweni kwa magunia ya mahindi, wazazi watamjia juu siku hiyo hiyo. Kwaya ikiziba mlango wa basi kwa spika, tunaimba pambio na kuondoka.

Kila aliyesafiri na kwaya za upande wetu huu anajua spika zinakaa wapi: nyuma, mlangoni. Mlango ule haufunguliwi mara kwa mara, basi unageuka stoo. Ujia nao unajazwa mikoba, sufuria na kinanda.

Ndiyo maana kamati imependekeza tukodi pikapu ya mizigo. Mweka hazina wetu amepinga, na ana haki, kwa sababu ndiye anayejua hali ya mfuko. Ameniambia, "Katibu, pesa za pikapu siku tisa ni karibu nusu ya pesa za kurekodi albamu." Nimemsikiliza kwa heshima. Maoni yangu ni kwamba ziara iwe ya siku saba, au albamu isubiri mwaka ujao, lakini spika na watu wasigombanie mlango mmoja. Washirika mlio na pikapu mnaweza kutusaidia kumaliza ubishi huu leo hii.

Petroli isiingie kabisa kwenye basi la watu, hata chupa moja. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hauondoki kwa dirishani kama harufu ya mandazi. Unatambaa chini ya viti mpaka ukutane na cheche ya waya au kiberiti cha mtu aliye mbali na jerikeni. Gesi ya kupikia nayo hutambaa chini vivyo hivyo. Harufu mbaya mnayoisikia imetiwa makusudi ili tujue inavuja. Mkiisikia ndani ya gari, msiwashe wala kuzima chochote. Fungueni milango mtoke. Na jenereta ikizimika katikati ya wimbo, haimwagiwi petroli ikiwa bado ya moto. Ipoe kwanza. Mkutano utangoja, mhubiri ana maneno ya kutosha.

Juu ya stima nitasema machache. Fyuzi ikikatika, inawekwa nyingine ya kiasi kile kile. Dereva au fundi wa muziki akitaka kuunganisha kwa kipande cha waya, mkatazeni, hata kama ni mkubwa kwenu.

Tuseme moshi umeonekana. Dereva anasimama kando ya barabara, anazima injini, anavuta breki ya mkono, na milango yote inafunguliwa. Watu wanatoka kwanza. Moto unashughulikiwa baadaye. Moshi wa sponji ya viti una sumu, na pumzi chache zinaweza kumlegeza mtu kabla hajaona mwali. Kwa hiyo tunainama, tunafunika pua kwa kitambaa, tunafuata ujia. Tukishatoka tunaenda mbali, kama hatua hamsini, upande ambao upepo hautuletei moshi, na si katikati ya lami. Hakuna anayerudi kuchukua kinanda. Nasema hivi nikimtazama mpiga kinanda.

Kizima moto kiwe karibu na dereva, na mshale wake uwe kwenye alama ya kijani. Kile kidogo cha kilo moja humaliza unga wake kwa sekunde kumi hivi, kwa hiyo ni cha moto unaoanza. Unachomoa pini, unaelekeza chini pale moto unapotokea, si kwenye miali, unabana na kupeperusha kulia na kushoto. Boneti inayofuka isifunguliwe wazi, maana hewa ikiingia moto unaruka. Puliza kupitia upenyo.

Sare zetu mpya ni za polista. Zinang'aa vizuri kwenye video, lakini zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Hatutasafiri tukiwa tumezivaa. Tutavaa pamba njiani. Mtu akishika moto asikimbie. Alale chini, afunike uso, agaagae. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi, apelekwe hospitali. Nguo iliyoganda isibanduliwe. Mama zetu, naomba, si dawa ya meno, si unga, si yai.

Tukikuta lori la mafuta limeanguka, hatusimami, na hakuna kijana wa kwaya hii atakayeshuka na mtungi. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 walikufa wakichota. Malanga, hapa jirani Siaya, Julai 2021, walikufa wasiopungua 13.

Simu ya dharura ni 999 au 112. Zimamoto iko chini ya kaunti, kwa hiyo anayepiga aseme tuko kaunti gani na karibu na soko gani. Rongo bado ni Migori. Rodi Kopany tayari ni Homa Bay. Msaada utatoka mjini, na dakika za kwanza tutakuwa peke yetu.

Zoezi ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni, uwanjani hapa kanisani. Basi litakuwa limesimama na mlango wa mbele utafungwa. Besi na tena watakaa mbele, soprano na alto nyuma, halafu wote watoke kwa mlango wa nyuma. Wazee wa kwaya watashikwa mkono, na wawili wenye nguvu watangulie chini kuwapokea wanaoruka. Mwalimu wa kwaya atashika saa. Tukizidi dakika mbili tutarudia, kwa hiyo njooni na viatu vya chini.